Mate ya fizi na mate ya meno: kipimo kipi kitakusaidia, na kipi kitakuchosha bure

Mtu anapiga mswaki asubuhi, anatema, anaona povu lina wekundu. Wiki hiyohiyo ulimi wake umeanza kuzoea kijishimo kwenye jino la nyuma ambacho mwezi uliopita hakikuwapo. Anasoma mahali kwamba siku hizi mate yanapimwa na kuonyesha uvimbe wa ndani hata kabla macho hayajauona, na maswali yanamjia: nipime? Nipime kipi? Na kipimo kimoja kitanijibu yote mawili?

Jibu nalitoa mapema ili asiye na muda aishie hapa. Hapana, hakitajibu yote mawili. Viashiria vya uvimbe kwenye mate vina la kusema kuhusu fizi, na kimojawapo, kiitwacho MMP-8, kina la kusema kwa uzito. Kuhusu jino linalooza, viashiria hivyohivyo huja vimechelewa na vimechanganyika na habari za jirani. Ukitaka mate yakuambie kitu kuhusu kuoza kwa meno, usiyaulize uvimbe. Yaulize yanatoka kiasi gani na yana nguvu gani ya kuizima asidi.

Neno moja kabla hatujaingia ndani. Kitabibu hali hii huitwa mchochota: mwili unapambana na adui, mahali pale panakuwa pekundu, panavimba, panapata joto, panauma. Wengi tunasema uvimbe tu. Nitatumia yote mawili.

Kwa nini fizi husema na jino hunyamaza

Tezi za mate hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku, na karibu asilimia 99 ya hayo ni maji. Lakini unachokitema si kazi ya tezi peke yake. Pale ufizi unapolikumbatia jino pana mfereji mwembamba, kina chake milimita 1 hadi 3 kwa mtu mwenye fizi nzima. Ndani yake huchuruzika majimaji kidogo sana yanayotoka kwenye damu, yakapita kwenye ngozi laini ya ufizi na kumwagika mdomoni. Ufizi ukiwa mzima mchuruziko huo ni wa kuhesabu. Ukivimba unaongezeka, na unabeba kila kitu kilichomo kwenye vita: chembe nyeupe za damu, vimeng'enya vyake, na zile protini ndogo ambazo chembe hutumia kuitana.

Ugonjwa ukienda mbali, mfereji unakuwa mfuko. Ukuta wa ndani wa mfuko huo unachubuka na kubaki kidonda kibichi ambacho hakuna anayekiona, kwa sababu kimejificha kati ya ufizi na mzizi. Watafiti waliokokotoa eneo la kidonda hicho kwa watu wenye ugonjwa wa fizi walipata, ukikikunjua chote kikawa kipande kimoja, takriban sentimita za mraba 8 hadi 20. Chukua karatasi uchore mraba wa sentimita 4 kwa 4, utapata 16. Kidonda cha ukubwa huo kingekuwa mgongoni mwa mkono, mwenye nacho angekuwa hospitali tangu jana. Mdomoni anaishi nacho miaka, kwa kuwa hakiumi. Ila kinavuja mchana na usiku, na kinavujia mateni. Ndiyo maana mate ya mgonjwa wa fizi yana habari nyingi.

Sasa geukia jino. Gamba la nje, enameli, halina damu wala neva. Bakteria wakila sukari wanatoa asidi, asidi inanyonya madini kwenye enameli, doa jeupe linatokea, baadaye shimo. Katika hatua hiyo yote hakuna askari wa mwili aliyeitwa, kwa sababu hakuna barabara ya kumfikisha hapo. Mchochota unaanza pale ubovu unapokaribia kiini cha jino, kule kwenye mishipa na neva. Nacho kiini kimefungiwa ndani ya sanduku gumu lenye tundu dogo kwenye ncha ya mzizi tu. Kikivimba, majimaji yake yanashukia kwenye mfupa na kurudi kwenye damu. Mdomoni hayafiki, mpaka shimo litoboe lifike kwenye kiini chenyewe, na hapo mwenye jino hahitaji maabara imwambie, maana hajalala usiku mzima.

Tofauti hii ya mabomba, kama naruhusiwa kuiita hivyo, ndiyo inayoamua karibu kila kitu kinachofuata. Fizi zina mfereji unaomwagika mdomoni, na jino halina.

Wanaogombea nafasi kwenye fizi

Orodha ya viashiria vilivyopimwa kwenye mate ni ndefu: interleukini-1 beta, interleukini-6, interleukini-8, TNF-alfa, prostaglandini E2, kalprotektini, CRP, MMP-9, na vingine vingi. Kuvitaja vyote ni kujaza ukurasa. Vinavyostahili kuwekwa bega kwa bega ni viwili, na cha tatu nitakigusa tu.

MMP-8 ni kimeng'enya kinachobebwa hasa na nyutrofili, askari wa kwanza kufika kwenye uvamizi wa bakteria. Kazi yake ni kukata kolajeni, zile nyuzi zinazoushika ufizi na kulifunga jino kwenye mfupa. Hukata kwa namna ya pekee: kila uzi hukatwa mahali palepale, ukabaki vipande viwili, kimoja robo tatu na kingine robo. Nyuzi zikishakatwa hivyo zinalegea na vimeng'enya vingine vinamalizia. Kwa hiyo MMP-8 si tarumbeta ya vita tu, ni shoka lenyewe. Hapo ndipo thamani yake ilipo: ukiikuta nyingi, na ikiwa katika hali yake iliyoamshwa, maana yake ubomoaji unaendelea leo. Kimeng'enya hiki hutoka kwenye chembe kikiwa kimelala na huamshwa baadaye. Kupima jumla yake bila kutenganisha kilicholala na kilichoamka kunapunguza maana, na kikundi cha Timo Sorsa katika Chuo Kikuu cha Helsinki kimetumia miaka mingi kulisisitiza hilo.

Interleukini-1 beta ni barua badala ya shoka. Makrofaji na chembe nyingine huitoa ili kuziambia seli za jirani zijiandae, na mojawapo ya amri zilizomo kwenye barua hiyo ni kuziamsha seli zinazokula mfupa. Kwa mtazamo wa ugonjwa, hii ni habari nzito kweli, kwani jino haling'oki kwa sababu ufizi umevimba bali kwa sababu mfupa umeliwa. Kwenye tafiti, watu wenye ugonjwa wa fizi mara nyingi wana interleukini-1 beta nyingi kuliko wenye fizi nzima.

Kwa nini basi nikiulizwa nachagua MMP-8? Sababu ya kwanza ni ya kiufundi na haipendezi kuisimulia, ila ndiyo inayoshinda. MMP-8 mateni huhesabiwa kwa nanogramu katika mililita, interleukini-1 beta kwa pikogramu, yaani sehemu ya elfu ya nanogramu. Kitu kidogo hivyo kinahitaji maabara, sahani za kupimia, mashine ya kusoma rangi na mtu anayejua anachofanya. MMP-8 inaweza kusomwa kwenye kipande cha plastiki kama kile cha kupimia mimba. Mtu husukutua kwa maji, husubiri kidogo, husukutua tena kwa nusu dakika kwa maji safi yaliyopimwa, hutema kwenye kikombe, matone machache yanapita kwenye kichujio na kudondoshwa kwenye tundu la kifaa. Dakika 5 unatazama dirisha. Mstari mmoja ni kifaa kinachosema kinafanya kazi. Ukitokea wa pili, kiasi kimevuka mpaka, ambao katika kifaa kinachojulikana zaidi, PerioSafe, umewekwa kwenye nanogramu 20 kwa mililita.

Mstari wa pili hautokei kama taa. Unajichora polepole, kwanza kivuli unachodhani umekiota, halafu waridi hafifu. Na wapo wanaobaki kwenye hafifu hiyo, nawe umekodoa macho ukijiuliza kama ni mstari au ni hamu yako. Watengenezaji wa vifaa hivi wanasema mstari ni mstari hata ukiwa hafifu. Mimi nasema hafifu ni sababu ya kurudia baada ya wiki kadhaa, kabla hujamtisha mtu.

Interleukini-6 nayo, kwa ufupi: inapanda kwenye ugonjwa wa fizi, lakini inapanda pia mwili unapopambana na mambo mengine kibao. Kwa mtafiti anayefuatilia uhusiano wa mdomo na mwili mzima ina nafasi. Kwa mtu mmoja anayetaka kujua fizi zake zikoje, haina.

Mate au probu?

Ulinganisho wa haki hauishii kati ya kiashiria na kiashiria. Lazima tuweke mate upande mmoja na upande wa pili tuweke kile daktari wa meno alichonacho tayari: probu, kijiti chembamba cha chuma chenye mistari ya milimita, kinachoingizwa taratibu kati ya ufizi na jino kwa nguvu ndogo, karibu uzito wa gramu 25. Inapima kina cha mfuko, na baada ya sekunde chache inaonekana kama damu imetoka au la.

Kwenye suala la damu pana jambo ambalo wengi hulielewa kinyume. Damu ikitoka katika ziara moja, haimaanishi jino linaelekea kupoteza mfupa. Sehemu nyingi hutoka damu na hazisogei popote. Lakini damu isipotoka, ziara baada ya ziara, ni dalili nzuri mno: utafiti wa Niklaus Lang na wenzake wa mwaka 1990 ulionyesha kwamba sehemu ambazo hazikutoka damu karibu zote, zaidi ya asilimia 98, zilibaki tulivu. Ni nadra kipimo cha bei yoyote kukupa uhakika wa aina hiyo, na hiki kinafanywa kwa kijiti.

Probu pia inakuonyesha mahali, jambo ambalo mate hayawezi. Mate ni wastani wa mdomo mzima. Mfuko mmoja wa milimita 7 nyuma ya jino la mwisho unaweza kuzama ndani ya wastani mzuri wa meno mengine 27. Kinyume chake kipo vilevile: mtu aliyebakiwa na meno 6, yote yakiwa na fizi mbovu, anaweza kutoa MMP-8 kidogo kwa sababu vidonda vilivyobaki ni vichache. Nimewahi kuona watu wakipongezwa kwa namba ndogo ambayo kwa kweli ilikuwa ni mahesabu ya meno yaliyokwisha kung'olewa.

Basi mate yanashinda wapi? Kwenye wakati. Kina cha mfuko ni historia: kinakuonyesha kilichokwisha kupotea, bila kusema kama moto bado unawaka au ulizimika miaka mitano iliyopita. Eksirei ya mfupa ni hivyohivyo. MMP-8 iliyoamshwa inazungumzia sasa. Na swali la nani anaendelea na nani ametulia si la anasa. Mtafiti wa fizi Harald Løe na wenzake waliwafuatilia wafanyakazi 480 wa mashamba ya chai huko Sri Lanka, wanaume ambao hawakuwa na huduma ya meno wala mazoea ya kusafisha kinywa, na wote walikuwa na ukoga na fizi zilizovimba. Katika matokeo waliyotoa mwaka 1986, asilimia 8 walipoteza mshiko wa meno kwa kasi, asilimia 81 kwa mwendo wa wastani, na asilimia 11 hawakwenda mbali zaidi ya uvimbe wa fizi. Uchafu mmoja, hatima tatu. Kiashiria kinachoweza kuwatenganisha hao watatu mapema ndicho kila maabara inachokitafuta, na MMP-8 ndiyo iliyosogea karibu zaidi, ingawa bado haijafika mahali pa kuachiwa iamue yenyewe.

Løe huyohuyo ndiye aliyefanya, mwaka 1965, jaribio ambalo kila mwanafunzi wa meno analijua: watu 12 wenye vinywa vizima waliacha kupiga mswaki. Kati ya siku 10 na 21 wote walikuwa na uvimbe wa fizi. Walipoanza tena kusafisha, fizi zilipona ndani ya wiki moja hivi. Nalitaja kwa sababu linapunguza makali ya kipimo chochote: ukipimwa mwisho wa wiki mbili za uzembe, namba itakuwa mbaya, na haitakuwa na maana unayoiogopa.

Wavutaji sigara wanahitaji sentensi zao. Tumbaku hupunguza kutoka damu kwa fizi, kwa hiyo mvutaji anaweza kuwa na mifuko mirefu na mswaki mweupe. Wengi hudhani mate yatawafichua. Shida ni kwamba uvutaji unaweza kushusha na MMP-8 ya mateni. Kwa mvutaji, probu na eksirei kwanza, na mstari mmoja kwenye kifaa usimpe amani. Mpangilio wa kimataifa wa magonjwa ya fizi uliotolewa mwaka 2018 unamweka anayevuta sigara 10 au zaidi kwa siku moja kwa moja kwenye daraja la C, la hatari ya juu kabisa, bila kungoja mate yaseme chochote.

Upande wa meno yanayooza

Huku mambo yanabadilika. Zipo tafiti, nyingi za watoto, zilizokuta interleukini-6, interleukini-8 na TNF-alfa zikiwa juu kwa wenye meno mengi yaliyotoboka kuliko wasio nayo, na nyingine zikaona vikishuka baada ya meno kutibiwa. Zipo pia zilizokosa tofauti. Mimi silaumu vipimo vyenyewe. Mtoto mwenye mashimo manane ana ukoga mwingi, na mwenye ukoga mwingi ana fizi zilizovimba. Huenda pia ana jino la utoto linalotikisika na la ukubwani linalochomoza, na kila moja la hayo linamwaga mchochota mateni. Ukimtibu meno unamfundisha na mswaki, fizi zinapoa, namba inashuka, nawe unaandika kwamba kuziba meno kumeshusha uvimbe. Inawezekana. Inawezekana pia ulikuwa unapima fizi muda wote.

Kwa anayetaka kuamua jambo kuhusu meno yake, vipo vitu vitatu mateni vyenye faida kuliko mchochota, na havilingani uzito.

Kikubwa ni kiasi cha mate. Hiki hakina jina la kisayansi la kutisha wala kifaa cha kung'aa, labda ndiyo maana hakizungumzwi. Unakaa wima, kichwa kimeinama kidogo, hutafuni, humezi, unayaacha mate yashuke kwenye chombo chenye alama za kipimo kwa dakika 5 au zaidi, kisha unagawanya. Kawaida ni kama mililita 0.3 hadi 0.4 kwa dakika. Chini ya 0.1 ni ukavu wa kweli, na mtu wa namna hiyo meno yake yanaweza kuharibika ndani ya miezi, tena mahali pasipo kawaida: shingoni mwa jino, kwenye ncha za meno ya chini ya mbele. Dawa za shinikizo la damu, za mzio na za sonona mara nyingi hukausha mdomo, mionzi ya saratani ya kichwa na shingo hukausha zaidi, na ugonjwa wa Sjögren huishambulia tezi yenyewe. Namba hii ikiwa chini inabadilisha matibabu siku hiyohiyo: floraidi yenye nguvu zaidi, kuangalia upya dawa, ziara za karibu zaidi.

Cha pili ni uwezo wa mate kuizima asidi. Robert Stephan alionyesha katika miaka ya 1940 kinachotokea ukigusa sukari: pH ya ukoga (kadiri inavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi) inaanguka ndani ya dakika chache, kisha inapanda taratibu kwa nusu saa hadi saa nzima. Ikishuka chini ya takriban 5.5 enameli inaanza kupoteza madini. Mzizi ulioachwa wazi na ufizi uliorudi nyuma huanza mapema zaidi, kwenye pH ya 6 na ushee, na hapo utaona magonjwa yetu mawili yanavyopeana mkono. Mate yenye nguvu hufupisha bonde hilo. Kipimo ni karatasi yenye rangi: tone moja, dakika 5, unalinganisha na chati. Ni rahisi na kinaeleweka, ila tofauti kati ya wastani na nzuri haitakubadilishia maisha. Ya kushughulikia ni ile ya chini kabisa.

Cha tatu, kuhesabu bakteria, kilikuwa na heshima kubwa zamani na sasa kimeshuka. *Streptococcus mutans* alielezwa na Kilian Clarke mwaka 1924 akiwa amemtoa kwenye meno yaliyooza, na kwa miongo mingi alibebeshwa lawama yote. Kipimo chake huoteshwa kwenye joto la nyuzi 37 kwa siku mbili, na makundi 100,000 au zaidi kwa mililita ya mate huhesabiwa kuwa hatari. Tatizo ni kwamba wapo wenye bakteria wengi na meno mazima, na wapo wenye wachache na mashimo kila kona. Asidi hutengenezwa na jamii nzima ya bakteria waliopewa sukari mara kwa mara, si na mhalifu mmoja. Kinachotabiri mashimo ya kesho kuliko hesabu hiyo ni mashimo ya jana. Aliyezibwa meno matatu mwaka huu yuko hatarini, huhitaji kuotesha kitu kumjua.

Kabla hujatema

Nilipokuwa nikisaidia kukusanya sampuli kwa ajili ya utafiti mdogo, tulipata namba moja iliyotushinda: kijana mwenye fizi nzuri kabisa, probu haikutoa damu popote, na interleukini-1 beta yake iko juu kuliko ya wagonjwa wote wa siku ile. Tulirudia kipimo, ikawa ileile. Ikaja kujulikana kwamba aliona aibu kutema mbele ya watu bila kupiga mswaki, akasimama kwenye sinki la nje akasugua kwa nguvu zake zote, akaingia. Ukiyainua mate yake kwenye mwanga yalikuwa na rangi ya waridi, nasi hatukuyainua.

Ndiyo sababu sharti la kwanza ni lile linalopuuzwa: usile, usinywe kitu zaidi ya maji, usivute na usipige mswaki kwa saa moja kabla. Mengine ni haya. Pima saa ileile ya siku kama unataka kulinganisha, kwa kuwa mate ya alfajiri si ya adhuhuri. Ahirisha kama una kidonda cha mdomo, mafua au jino la mwisho linalochomoza. Ukitafuna kitu ili mate yaje haraka, yatakuwa mengi na mepesi, na kiashiria kitaonekana kidogo bila ugonjwa kupungua. Na kama sampuli inakwenda maabara, ikae kwenye barafu tangu dakika ya kwanza, maana mate yana vimeng'enya vinavyoendelea kula protini zilezile unazotaka kuzihesabu.

Nani achukue kipi

Mwenye kisukari ndiye ningemsukuma zaidi kuelekea MMP-8. Kisukari kisichotulia huchochea fizi, na fizi mbovu husumbua sukari. Tiba ya fizi imeonekana kushusha HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi michache, kwa kama asilimia 0.4 ndani ya miezi mitatu hadi minne, si haba kwa kazi ya kukwangua ukoga. Mtu huyu anamwona muuguzi au daktari wa kawaida mara nyingi kuliko wa meno, na kifaa cha dakika 5 kwenye chumba kisicho na kiti cha meno kinaweza kumpeleka anakostahili kwenda. Huo, kwa maoni yangu, ndio mlango halali wa kipimo hiki: mahali ambapo probu haipo.

Aliyekwisha kutibiwa fizi na yuko kwenye ufuatiliaji anafaidika kwa namna nyingine. Hapo linganisha namba zake na zake mwenyewe. Mate ya kila mtu yana kiwango chake, na kupanda kwa mtu mmoja ndani ya miezi mitatu kunasema zaidi kuliko kumlinganisha na mpaka wa kifaa.

Mwenye mdomo mkavu, mzee anayetumia dawa nyingi, aliyepata mionzi: pima kiasi cha mate, na karatasi ya asidi ukipenda. Mchochota uache. Mtoto mwenye mashimo: kioo, taa, na maswali kuhusu sukari anayopewa usiku. Mjamzito fizi zake huvimba kwa homoni, kwa hiyo MMP-8 haitakwambia lolote ambalo mswaki wake haujasema. Asafishwe fizi, na kipimo kama kinatakiwa kisubiri baada ya kujifungua.

Na yule wa mwanzoni, mwenye povu jekundu na kijishimo cha nyuma? Shimo lake halina swali linalohitaji mate, linatazamwa, linapigwa eksirei, linazibwa. Kwa fizi zake aanze na probu. Mifuko ikiwa milimita 3 kwenda chini na damu imetapakaa kila mahali, apewe wiki tatu za mswaki wa kweli na uzi wa meno, atazamwe tena. Ikiwa kuna mifuko ya 5 na 6, asafishwe hadi chini ya ufizi, na miezi mitatu baadaye, asubuhi, kabla ya mswaki, asukutue nusu dakika na kutema kwenye kikombe. Mstari wa pili ukitokea siku hiyo, arudishwe kitini probu itafute ni mfuko upi.